Altrasaundi ya mapafu inayosomwa na kompyuta: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ndiyo maswali ninayokutana nayo mara nyingi, mengine kutoka kwa wagonjwa na jamaa zao, mengine kutoka kwa matabibu, wauguzi na wakuu wa vituo wanaotembelewa na wauzaji wa mashine. Nimeanza na ya msingi, lakini mwenye haraka anaweza kuruka. Mwenye mtoto anayepumua kwa shida sasa hivi aanze na swali la mwisho.

Altrasaundi si kipimo cha wajawazito?

Ni cha wajawazito, na pia cha ini, figo, moyo na, kwa miaka thelathini hivi sasa, mapafu. Mgonjwa hupakwa jeli kifuani na mgongoni, probu (kile kichwa cha mashine kinachogusa mwili) hupitishwa kati ya mbavu, na kazi humalizika kwa dakika chache pale pale kitandani. Hakuna mionzi, kwa hiyo mtoto mchanga au mama mjamzito anaweza kupimwa na kurudiwa hata mara kadhaa kwa siku.

Chuoni tulifundishwa kwamba altrasaundi haioni mapafu kwa sababu yamejaa hewa. Nini kimebadilika?

Mwalimu wako hakukosea. Sauti ya altrasaundi husafiri ndani ya nyama kwa takriban mita 1,540 kwa sekunde. Ikikutana na hewa, ambayo ni nyepesi mno na sauti huenda polepole ndani yake, karibu yote hurudi ilikotoka. Pafu lenye afya basi halionekani kabisa. Kinachoonekana ni mstari mmoja mweupe unaong'aa, pale utando wa pafu unapogusa ukuta wa kifua, ukiteleza huku na huku kila pumzi inapovutwa. Chini ya mstari huo ni mwangwi mtupu.

Kilichobadilika ni kwamba watu walianza kuusoma mwangwi wenyewe. Pafu likiwa kavu, mwangwi huchora mistari ya mlalo inayojirudia kwa nafasi sawasawa. Hiyo huitwa mistari A. Pafu likianza kulowa au kukakamaa, hutokea mistari ya wima kama mwanga wa tochi, inayoanzia kwenye utando na kushuka hadi chini ya skrini bila kufifia, ikisogea pamoja na pumzi. Hiyo ni mistari B. Ikifika mitatu au zaidi kati ya mbavu mbili, eneo hilo lina shida. Hewa ikifukuzwa kabisa na usaha au majimaji ya uvimbe, sauti sasa inapita, na pafu huonekana nene kama ini. Maji yaliyo nje ya pafu huonekana meusi.

Aliyeisukuma elimu hii mbele kuliko wengine ni Daniel Lichtenstein, daktari wa wagonjwa mahututi wa Ufaransa. Mwaka 1997 yeye na wenzake walieleza uhusiano wa mistari hiyo ya wima na pafu lililolowa, na mwaka 2008 wakachapisha utaratibu uitwao BLUE. Kwa wagonjwa 260 walioletwa wakiwa wanahema kwa shida, utaratibu huo ulitoa jibu sahihi kwa asilimia 90.5. (Alama ya pafu kuteleza ilitangulia kuelezwa kwa farasi, na daktari wa mifugo, mwaka 1986. Napenda kuwakumbusha hilo wanafunzi wanaowadharau madaktari wa wanyama.)

Hiyo akili mnemba inafanya kazi gani hapo?

Wengine huiita akili unde au akili bandia. Ni kitu kimoja. Ni programu iliyoonyeshwa maelfu ya picha zilizokwisha kuwekewa alama na wataalamu, ikajifunza kuhusisha mpangilio wa nukta nyeupe na nyeusi na jibu alilolitoa mtaalamu.

Kazi zake ni tatu na hazilingani kwa ugumu. Zitenganishe kichwani, maana kwenye matangazo huchanganywa. Ya kwanza ni kuuongoza mkono: skrini inakuambia panda juu kidogo, inamisha, tulia hapo hapo, kisha inarekodi yenyewe. Ya pili ni kutambua alama: huu ndio utando, hii ni mistari B, iko mitano. Kuhesabu mistari B ndiyo kazi iliyokomaa zaidi. Probu kadhaa za mkononi zinaifanya, na programu ya kampuni ya Butterfly ya kuihesabu ilipata kibali Marekani mwaka 2023. Ya tatu ni kuutaja ugonjwa: hii ni nimonia, huu ni moyo, hiki ni kifua kikuu. Hapo ahadi ni kubwa kuliko ushahidi.

Kama imeiona picha, kwa nini isiutaje ugonjwa moja kwa moja?

Kwa sababu mistari B si ugonjwa. Moyo ulioshindwa kazi huileta, nimonia ya virusi huileta, figo zilizoshindwa kutoa maji huileta, na makovu ya zamani ya mapafu huileta pia. Mzee mwenye afya yake anaweza kuwa nayo miwili mitatu sehemu za chini za mapafu. Programu ikihesabu mistari kumi bila kukosea hata mmoja, bado hujajua umpe mgonjwa dawa ya kukojoza maji au antibiotiki.

Wapo waliojaribu kuvuka hapo. Mwaka 2021 watafiti wa London ya Kanada, iliyoko Ontario, walichapisha jaribio la kutofautisha mistari B ya sababu tatu: UVIKO-19, mapafu kushindwa ghafla kwa sababu nyingine, na maji yanayotokana na moyo. Walitumia video 612 za wagonjwa 243. Madaktari 61 waliopewa mtihani huo waliitambua vizuri mistari ya moyo, lakini kwenye hizo mbili za kwanza walipata alama ya 0.7 hivi, katika kipimo ambacho 0.5 ni sawa na kurusha sarafu na 1 ni kutokosea. Programu ilipata zaidi ya 0.9 kwa zote tatu. Ni kweli, basi, kwamba ndani ya picha kuna habari ambazo jicho letu halizioni. Ila picha za kufundishia na za kupimia zilitoka hospitali zilezile, na matokeo ya namna hiyo huwa ni mwanzo wa kazi. Mtihani wenyewe hufanywa hospitali nyingine, kwa mashine nyingine.

Mama yangu ana moyo mkubwa. Daktari mmoja alisema ana maji ndani ya mapafu, mwingine akasema maji yako nje ya mapafu. Nani mkweli, na kompyuta itasaidia?

Inawezekana wote wawili ni wakweli, na tatizo ni lugha yetu. Kwa Kiswahili cha kila siku tunasema "maji kwenye mapafu" kwa mambo mawili yasiyofanana hata kidogo.

La kwanza ni pafu lenyewe kulowa, kama sifongo iliyonyonya maji. Moyo ukishindwa kusukuma damu inayotoka mapafuni, damu inajazana nyuma yake na majimaji yanapenya ndani ya nyama ya pafu. Mgonjwa hawezi kulala chali, anaamka usiku akitafuta hewa, anaomba mito ya kuegemea. Kwenye altrasaundi ni mistari B, mingi, pande zote mbili. Maji haya hayawezi kunyonywa kwa sindano. Hutolewa kwa dawa ya kuyakojoza na kwa kuutibu moyo, au kwa kusafisha damu kama figo ndizo zilizoshindwa.

La pili ni maji yaliyokusanyika kati ya pafu na ukuta wa kifua, nje ya pafu, yakilikandamiza. Yanaweza kuletwa na kifua kikuu, saratani, nimonia, ini, na moyo pia. Kwenye altrasaundi ni ziwa jeusi, na pafu linaonekana likielea ndani yake. Hayo ndiyo yanayonyonywa kwa sindano, ikibidi, na hupelekwa maabara kupimwa.

Mama mwenye moyo mkubwa anaweza kuwa na yote mawili siku moja. Programu nzuri huyatenganisha bila taabu, kwa kuwa kwenye skrini hayafanani kabisa. Faida nyingine kwa mgonjwa wa moyo ni kufuatilia: mistari B hupungua ndani ya saa chache maji yanapotoka, na idadi inayohesabiwa na mashine ileile, sehemu zilezile za kifua, humwambia daktari kama dozi inatosha. Kwa kazi hii ya kulinganisha leo na jana naiamini programu kuliko macho ya watu wawili wa zamu tofauti. Ukimsindikiza mama kliniki, muulize daktari hivi: "Maji yako ndani ya pafu au nje yake?" Jibu lake litakueleza karibu kila kitu kuhusu matibabu yanayofuata.

Inaweza kugundua nimonia ya watoto?

Altrasaundi yenyewe inaweza, na vizuri. Kifua cha mtoto ni chembamba, na nimonia ya watoto mara nyingi hugusa utando, kwa hiyo huonekana. Haja ipo: Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba nimonia iliua watoto zaidi ya 740,000 wa chini ya miaka 5 mwaka 2019, asilimia 14 ya vifo vyote vya umri huo.

Upande wa kompyuta, watafiti wa Peru walichapisha mwaka 2018 programu iliyotambua nimonia kwenye picha 60 za watoto 21, na ilikosa chache sana. Lakini hao ni watoto 21, idadi isiyojaza hata darasa moja. Kuna pia mtego ambao kila anayempima mtoto anapaswa kuujua: tezi ya thaimasi, iliyo kubwa kwa wachanga na iko nyuma ya mfupa wa kifua, inafanana sana na pafu lililojaa usaha. Upande wa kushoto chini, wengu au tumbo lililoshiba maziwa huweza kudanganya vilevile. Programu iliyofundishwa kwa watu wazima haijawahi kuona thaimasi ya mtoto wa miezi mitatu. Itasema ni nimonia, na itasema kwa uhakika.

Na kifua kikuu?

Hapa ndipo nina matumaini makubwa zaidi. Mwaka 2023 watu milioni 10.8 duniani waliugua TB na milioni 1.25 walikufa. Tangu 2021 Shirika la Afya Duniani limekubali programu za kusoma eksirei ya kifua katika kuchunguza TB kwa wenye umri wa miaka 15 na zaidi, na magari yenye eksirei ya aina hiyo yanajulikana kwetu. Eksirei, hata hivyo, inahitaji mashine ya gharama kubwa, umeme wa uhakika na kinga ya mionzi. Probu ya altrasaundi inaingia mfukoni na kuchomekwa kwenye simu.

Mwaka 2025, kwenye mkutano wa magonjwa ya kuambukiza uliofanyika Vienna, watafiti wa Lausanne, Uswisi, na wa Cotonou walitoa matokeo ya programu waliyoiita ULTR-AI. Waliwapima watu 504 huko Cotonou, Benin. 192 walithibitishwa kuwa na TB. Programu iliwatambua asilimia 93 ya wagonjwa na kuwaachia huru asilimia 81 ya wasio nayo. Lengo la Shirika la Afya Duniani kwa kipimo cha kuchuja kisichotumia makohozi ni asilimia 90 na 70, kwa hiyo limevukwa. Iliwashinda hata wataalamu, kwa sababu inaona vidonda vidogo vidogo chini ya utando ambavyo jicho huvipita.

Sasa tufanye hesabu, kwa kuwa asilimia peke yake inapotosha. Kule Cotonou zaidi ya theluthi ya waliopimwa walikuwa na TB kweli. Chukua mfano wa kituo chako: watu 1,000 wanakohoa, 50 tu wana TB. Programu itawanasa 46 au 47 kati ya hao 50. Kati ya 950 wasio nayo, asilimia 19, yaani watu 180 hivi, nao watanaswa. Kwa hiyo kati ya karibu watu 227 walioambiwa "huenda una TB", mmoja kati ya watano ndiye anayo. Hilo halinikatishi tamaa. Ungo hautoi unga ulio tayari kupikwa, unatenganisha pumba. Badala ya kupeleka makohozi ya watu 1,000 kwenye GeneXpert, mashine ya maabara inayothibitisha TB, unapeleka ya watu 227. Kosa lingekuwa kumwanzishia mtu dawa za miezi sita, au kumtangazia mkewe na majirani, kwa sababu skrini imewaka nyekundu.

Kwa nini mambo haya yalivuma wakati wa UVIKO-19?

Ugonjwa ule hupenda kingo za mapafu, pale pale altrasaundi inapoona, na mashine ndogo inafungwa kwenye mfuko na kufutwa dawa kirahisi kuliko chumba kizima cha CT skani. Italia ilikuwa mbele. Watafiti wa Trento na wenzao walichapisha mwaka 2020 programu iliyotoa alama kutoka 0 hadi 3 kwa kila sehemu ya kifua. Vikundi vingine, kama kile cha POCOVID-Net, vilikusanya picha na kuziweka wazi kwa kila mtafiti.

Lakini angalia idadi za ile kazi ya Trento: fremu (picha moja moja zinazounda video) 58,924, kutoka video 277, za watu 35. Ukisikia "picha elfu hamsini na nane" unaona bahari. Ni vifua 35. Video moja ina mamia ya fremu zinazofanana kama mapacha, na mtafiti asiye mwangalifu akiweka fremu moja kwenye mafunzo na pacha wake kwenye mtihani, programu itakitambua kifua cha yule mtu badala ya ugonjwa wake. Ni sawa na kumpa mwanafunzi mtihani aliokwisha kuuona. Kosa hili ni jepesi kufanyika na gumu kuonekana kwenye ripoti, na lilijaa kwenye kazi za kipindi kile. Mapitio yaliyochapishwa 2021 kuhusu programu za UVIKO za eksirei na CT yalianza na tafiti 2,212, yakachambua kwa kina 62, na hayakupata hata moja iliyofaa kutumika hospitalini. Walioandika kuhusu altrasaundi hawakuwa malaika kuliko hao.

Inamsaidia kweli mtu asiye mtaalamu, au ni maneno ya watafiti?

Inamsaidia, na ushahidi ninaoupenda zaidi unatoka mahali panapofanana na kwetu. Katika wodi ya wagonjwa mahututi ya Hospitali ya Magonjwa ya Kitropiki, Ho Chi Minh City, Vietnam, wahudumu 57 ambao si mabingwa wa altrasaundi walipewa programu inayosoma wakati huo huo wanapopima. Bila programu walikuwa sahihi kwa asilimia 68.9, wakiwa nayo, asilimia 82.9. Matokeo hayo yalitoka 2023. Si muujiza, na bado usomaji 17 katika 100 ulikuwa na makosa, lakini ni hatua kubwa kwa wodi isiyo na bingwa usiku.

Kuna pia jaribio la Marekani la 2025 ambapo watu 176 walipimwa na wahudumu wa kawaida, wakiwemo wauguzi, wakiongozwa na programu. Asilimia 98.3 ya vipimo vyao vilikuwa na ubora wa kutosha kutoa majibu, sawa na vya mabingwa. Soma kwa makini, lakini: programu hiyo iliuongoza mkono, na picha zilihukumiwa na wataalamu. Anayekuambia kwamba utafiti huo umethibitisha kuwa mashine inatoa jibu la ugonjwa anaongeza chumvi.

Afrika Mashariki tuna historia yoyote katika jambo hili?

Tunayo, na haisemwi vya kutosha. Kwa miaka mingi, kumtambua mgonjwa rasmi kwamba mapafu yake yameshindwa ghafla kulihitaji eksirei, kipimo cha gesi za damu, na mashine ya kupumulia. Hospitali isiyo na hivyo haikuwa na mgonjwa huyo kwenye vitabu. Watafiti waliofanya kazi katika Hospitali ya Chuo Kikuu ya Kigali walipima wagonjwa wote wazima waliolazwa kwa wiki 6, jumla 1,046, wakiruhusu altrasaundi badala ya eksirei na kile kifaa cha kidoleni cha kupima oksijeni badala ya gesi za damu. Walipata wagonjwa 42; nusu yao walifia hospitalini. Kwa vigezo vya zamani, wangepata sifuri.

Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2016 na kuitwa marekebisho ya Kigali. Ufafanuzi mpya wa kimataifa wa hali hiyo, uliochapishwa 2024, umeikubali altrasaundi. Nalitaja hili kila mara ninapoulizwa kama altrasaundi ya mapafu ni "kipimo cha maskini". Kigali iliwaonyesha walimwengu wagonjwa ambao vipimo vya matajiri vilikuwa vimewafuta.

Inakosea wapi zaidi?

Penye vitu visivyogusa utando. Nimonia iliyojificha katikati ya pafu, imezungukwa na hewa, haionekani kwa altrasaundi, kwa hiyo hakuna programu itakayoiona. Pumu nayo huacha pafu likionekana safi: mistari A, utando unateleza vizuri, huku mgonjwa anakata roho kwa kukosa hewa. Skrini ikisema "kawaida" kwa mtu anayehema, mwamini mtu.

Mipangilio ya mashine ni chanzo kingine, na hiki hunisumbua kwa sababu hakizungumzwi. Mashine za kisasa zina vichujio vya kuipendezesha picha, vilivyotengenezwa kwa ajili ya ini na ujauzito, na vichujio hivyo hufuta mwangwi. Mistari B ni mwangwi. Ukiviacha vimewashwa, mashine inaufuta ushahidi kabla programu haijautazama. Kuongeza mwangaza kupita kiasi nako huzaa mistari isiyokuwepo. Programu iliyofundishwa kwa probu ya aina moja inaweza kuyumba kwa probu ya aina nyingine, mgonjwa akiwa yuleyule.

Mtu mnene sana, mwenye bandeji kifuani, au mwenye hewa iliyoingia chini ya ngozi baada ya ajali, picha zake huwa mbovu. Programu iliyotengenezwa kwa uadilifu hukataa kutoa jibu hapo. Isiyokataa kamwe iogope.

Picha zangu zinakwenda wapi?

Inategemea. Programu nyingine husoma ndani ya simu au mashine yenyewe bila intaneti, na hiyo ndiyo ninayoipendekeza kwa vituo vya vijijini, kwa ajili ya faragha na kwa ajili ya mtandao unaokatika. Nyingine hutuma picha kwenye kompyuta zilizo nchi nyingine. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, Kenya ina yake ya 2019, na taarifa za afya ni taarifa nyeti kwa sheria zote mbili. Una haki ya kuuliza na kujibiwa. Jambo dogo linalosahaulika: jina la mgonjwa na namba ya faili mara nyingi huandikwa na mashine kwenye kona ya picha yenyewe. Anayerusha picha hiyo kwenye kundi la WhatsApp kuomba ushauri amekwisha kumtangaza mgonjwa, hata kama nia yake ni njema.

Mimi ni mganga mfawidhi. Kampuni imekuja na programu. Niwaulize nini?

Waulize imefundishwa kwa vifua vya nani, wangapi. Wakijibu kwa idadi ya picha, uliza tena idadi ya watu. Uliza kama watoto walikuwemo, na watu wenye VVU, na waliowahi kuugua TB, kwa kuwa makovu ya TB ya zamani ni mengi kwetu na ni machache katika hospitali za Ulaya. Uliza kama imejaribiwa mahali ambapo haikufundishwa, kwa probu hiyo hiyo wanayokuuzia.

Kisha uliza kama imesajiliwa na mamlaka husika. Kwa Tanzania ni TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Uliza nani atabadilisha betri na kebo mwaka wa tatu, kwani nimeona mashine nzuri zikigeuka mapambo ya kabati kwa kukosa kebo. Uliza kama malipo ni ya mara moja au ya kila mwaka, na kinachotokea usipolipa.

Mwisho, waombe wakuachie kwa mwezi mmoja. Wapime wagonjwa wako bila kuwaonyesha matabibu jibu la programu, halafu linganisha na eksirei, makohozi na jinsi mgonjwa alivyoendelea. Wagonjwa hamsini wa kwako watakueleza mengi ambayo kitabu chao cha matangazo hakina. Kampuni inayolikataa ombi hilo, nisingeinunulia.

Sonografa (mpimaji wa altrasaundi) atapoteza kazi?

Sioni hivyo. Wapo wachache mno, na wengi wao hawajawahi kufundishwa mapafu. Ninachokiogopa ni kituo kununua programu ili kukwepa kumsomesha mtu.

Mwanangu anakohoa na anapumua haraka. Nimpeleke wapi akapimwe kwa mashine hii?

Usitafute mashine. Mpeleke kituo cha afya kilicho karibu, sasa. Njiani, akiwa ametulia, tazama kifua na hesabu pumzi kwa dakika nzima. Mtoto wa chini ya miezi 2 anapumua haraka akifika 60. Wa miezi 2 hadi 11, akifika 50. Wa mwaka 1 hadi kabla ya kutimiza 5, akifika 40. Ukiona sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani anapovuta hewa, au hawezi kunyonya wala kunywa, anatapika kila kitu, ana degedege, au analegea na haamki vizuri, ni dharura hata kama hujamaliza kuhesabu. Mweleze muuguzi wa mapokezi idadi uliyoipata na muda ulioanza kuiona, na usikubali kukaa kwenye foleni ya kawaida.